Mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa si mkaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme machache kuhusu neno moja. Neno lenyewe ni "mkaidi". Nimewahudumia wazee wenye dimensia, yaani hali ya ubongo kuharibika hata mtu akapoteza kumbukumbu na ufahamu, kwa miaka 14, kwanza nikiwa mhudumu wa kawaida na baadaye muuguzi wa zamu, na kila mahali nilipofanya kazi nimelikuta neno hilo katika daftari la kukabidhiana zamu. "Amekataa kuoga, mkaidi." "Amekataa dawa, mkaidi kama kawaida yake." Mimi mwenyewe nimeliandika mara nyingi, kwa hiyo simnyooshei kidole mtu yeyote. Ninaandika kwa sababu nimekuja kuamini kwamba neno hilo linamdhulumu mgonjwa, na kwamba linamdhulumu pia mhudumu aliyeliandika, ingawa dhuluma hiyo ya pili haisemwi.

Mkaidi ni mtu anayejua analotakiwa kulifanya, akakataa kwa kusudi. Mgonjwa ninayemzungumzia hapa hajafika hata kwenye mlango wa ukaidi, kwa maana hajui kwamba kuna jambo lolote la kukubali wala la kukataa. Hajui kwamba anaumwa. Sisemi kwamba anajua akaficha, wala kwamba ameelezwa na daktari akashikwa na hofu akajifanya hakusikia. Watu wa namna hiyo wapo, na wanahitaji kuhudumiwa kwa njia nyingine. Kwa huyu, sehemu ya ubongo ambayo ingemletea habari za hali yake ndiyo hiyo hiyo iliyoshambuliwa na ugonjwa. Kumtaka autambue ugonjwa wake ni sawa na kumtuma mtu aliyevunjika mguu aende mbio akaulete msaada wa kumtibu mguu huo.

Madaktari wanaiita hali hii anosognozia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1914 na Joseph Babinski, daktari wa mishipa ya fahamu nchini Ufaransa, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kutokuwa na habari ya ugonjwa. Wagonjwa aliowaeleza hawakuwa na dimensia. Walikuwa wamepooza upande wa kushoto wa mwili, na kupooza huko hawakukutaja kabisa. Mmoja wao alipoambiwa ausogeze mkono usiofanya kazi, alikaa kimya kana kwamba aliyeambiwa ni mtu mwingine. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 19, Gabriel Anton wa Austria alikuwa amekwisha kueleza juu ya mgonjwa aliyepofuka kwa sababu ya ubongo, asiwe na habari kwamba haoni. Ninayataja haya ya kale kwa sababu mbele ya mtu aliyepooza hakuna anayethubutu kutamka neno "mkaidi". Mkono umelala, kila mtu anauona. Kwa mwenye dimensia hakuna cha kuonekana. Anatembea, anajibu salamu kwa adabu, anasimulia kisa cha miaka 50 iliyopita bila kuruka hata jina moja, na sisi tunaomsikiliza tunajiambia kwamba mtu mwenye maneno mazuri kiasi hiki hawezi kushindwa kuelewa kwamba hajaoga tangu juzi.

Anaweza kabisa. Ili mtu ajue kwamba anasahau, inabidi akumbuke kwamba jana alisahau, na hilo ndilo asiloliweza. Akishindwa kufunga vifungo vya shati asubuhi, kushindwa huko hakumo tena akilini mwake ifikapo saa sita mchana, kwa hiyo makosa yake hayajumlishwi na hayafikii idadi ya kumshtua. Picha aliyonayo ya nafsi yake hairekebishwi. Ni ile ya zamani, ya mtu anayekwenda kazini, anayetunza watoto, anayetegemewa na wenzake. Juu ya hayo zipo sehemu za mbele za ubongo, ambazo mojawapo ya kazi zake ni kumwezesha mtu kujipima na kujisahihisha, na zikiharibika mtu anaweza kuonyeshwa kosa lake asiguswe nalo. Ndiyo maana katika ile aina ya dimensia inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, kutojitambua huku huja mapema sana, pengine kumbukumbu ikiwa bado nzima, na jamaa hudhani kwamba ndugu yao amebadilika tabia tu, amekuwa mtu wa hovyo.

Wala mtu asidhani kwamba mgonjwa ama anajua yote ama hajui lolote. Mwaka 1901, katika hospitali ya Frankfurt, Alois Alzheimer alimpokea Auguste D., mwanamke wa miaka 51, ambaye kutokana na maelezo ya hali yake aina moja ya dimensia ilikuja kupewa jina la daktari huyo. Katika kumbukumbu za mazungumzo yao yapo maneno ya mgonjwa mwenyewe kwamba amejipoteza. Mtu aliyeshindwa kulimaliza jina lake alipopewa kalamu aliweza kulisema hilo. Nami nimeshuhudia mfano wake. Niliwahi kumhudumia mama mmoja ambaye mchana kutwa alikuwa mgeni wetu, ametutembelea tu, akituuliza kwa upole gari la kumrudisha nyumbani litafika saa ngapi. Jioni moja nilikuwa nimechuchumaa ninamvua viatu, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisiyoitarajia, akasema, "Mwanangu, kichwa changu kina nini?" Sikumpa jibu la kitaalamu. Nilimwambia, "Mama, nipo hapa na wewe." Hazikupita dakika tano akauliza tena habari ya gari. Mhudumu anatakiwa awe tayari kuwapokea watu wawili hao katika mwili mmoja, na hajui ni yupi atakayemkuta asubuhi.

Sasa niieleze asubuhi moja, kwa sababu watu wengi wanadhani uzito wa kazi yetu uko mgongoni, katika kuinua na kugeuza miili.

Alikuwa mzee aliyestaafu ualimu mkuu, na sote tulimwita Mwalimu kwa heshima yake. Shati alilovaa lilikuwa na siku tatu mwilini. Nilibisha hodi, nikamwamkia, nikamwambia maji yako tayari. Akanijibu, "Nimeshaoga," bila hasira yoyote, kama mtu anayetoa taarifa. Nikafanya kosa ambalo kila mhudumu hulifanya mpaka alizoee kulikwepa: nikamwonyesha doa kifuani pa shati. Aliliangalia doa, akaniangalia mimi, akasema nimelitia mimi. Kisha akaniuliza, "Wewe binti, umetumwa na nani?" Nilipounyoosha mkono kulegeza kifungo cha juu, akaupiga, na miwani yangu ikaanguka sakafuni. Nilikuwa na watu wanane wengine wa kuwaogesha kabla ya saa tatu.

Nilitoka. Nilisimama ukumbini nikaifuta miwani, nikaenda kwa mgonjwa mwingine, nikarudi baada ya dakika 20. Alinipokea kama mtu asiyewahi kuniona siku hiyo, akajibu salamu vizuri. Safari hii sikutaja kuoga. Nilimwekea magotini taulo lililoloweshwa maji ya moto na kukamuliwa, nikanyamaza. Mikono yake yenyewe ikalikunja, ikalipeleka usoni, ikapita nyuma ya masikio, kama ilivyofanya kila asubuhi kwa miaka 70. Nikamwonyesha mashati mawili nikamwomba achague moja. Akachagua, akalivua lile chafu yeye mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua dakika 50. Ratiba ilikuwa imenipa 15, na mwisho wa zamu niliulizwa kwa nini wengine walichelewa.

Ukiitazama asubuhi hiyo kwa upande wake utaona jambo ambalo mafunzo yetu ya kazi yalilipita juu juu. Kwake mimi sikuwa msaada. Mtu asiyejua kwamba anaumwa hana sababu ya kuhudumiwa, na anayekuja kumhudumia anakuwa mtu asiyejulikana aliyeingia chumbani akitaka kumvua nguo. Angekuwa mzima tungesema amejitetea. Hasira yake ina mantiki kamili ndani ya dunia anayoiona, na ndiyo maana hoja zetu kwake ni kutwanga maji kwenye kinu: tunamletea ushahidi wa dunia nyingine.

Na ukiitazama kwa upande wangu, utaona ni kitu gani hasa kinachomchosha mhudumu. Mkono uliochoka hupona kwa usingizi. Kinachochosha ni kumeza ukweli mara 30 kwa siku, kutukanwa na kuendelea kuongea kwa sauti ya chini, kutoa msaada unaopokelewa kama uvamizi, na kufanya hivyo kwa mtu ambaye hatawahi kusema asante kwa sababu hajui kuna cha kushukuriwa. Yeye anausahau ugomvi. Mimi ninarudi nao nyumbani. Tena hata kusahau kwake si kamili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwaonyesha watu wenye ugonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha: filamu zilisahauliwa upesi, lakini huzuni au furaha iliendelea kukaa ndani yao. Mhudumu mwenye uzoefu analijua hilo bila kuambiwa. Anajua kwamba akimlazimisha mgonjwa leo, kesho atakuta hofu isiyo na jina ikimsubiri mlangoni, kwa hiyo anajizuia, na kujizuia huko ni kazi nzito isiyoandikwa katika ratiba yoyote.

Kisha lipo la kutosadikiwa. Daktari huja mara moja kwa muda, anakaa na mgonjwa dakika chache, anauliza, "Hujambo mzee, unajisikiaje?" Naye anajibu, "Sijambo kabisa, daktari, namshukuru Mungu." Katika faili panaandikwa kwamba hana malalamiko. Mtoto wake huja siku ya mapumziko, anakaa saa moja, anamkuta baba amevaa vizuri, anazungumza, anacheka, na akiondoka anatuambia, "Mbona baba yuko sawa? Ninyi mnasema anasumbua." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simlaumu mtoto huyo, kwani nguvu kidogo alizobaki nazo baba yake zilikusanywa zote kwa ajili ya saa ile. Ila ninapenda wasomaji wajue kwamba njia mojawapo wanayoitumia wataalamu kupima kutojitambua huku ni kumuuliza mgonjwa maswali kuhusu uwezo wake, kisha kumuuliza maswali yale yale mtu anayeishi naye, na kuangalia majibu yanapishana kiasi gani. Maana yake ni kwamba neno la mhudumu ni sehemu ya kipimo. Daktari asiyemuuliza mhudumu amepima nusu.

Mhariri, lililo gumu kwangu kulisimulia ni la kushutumiwa wizi. Watu wenye dimensia huficha vitu ili viwe salama, wanasahau kwamba wameficha, na kwa kuwa hawajui kwamba kumbukumbu zao zina kasoro, maelezo yanayobaki akilini mwao ni moja tu: pameibwa. Aliyeiba hawezi kuwa mtoto aliye mbali. Ni yule anayeingia na kutoka chumbani. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, bibi mmoja niliyempenda sana alisema nimechukua pochi yake. Aliyasema hayo mbele ya binti yake, huku akilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Binti aliamini machozi ya mama yake, na nani asingeamini? Mkoba wangu ulimwagwa juu ya meza mbele ya wenzangu. Niliambiwa nisifike kazini hadi jambo litakapochunguzwa. Siku ya nne pochi ilipatikana ndani ya foronya ya mto, imefungwa kwa soksi. Niliitwa nirudi kazini kwa ujumbe mfupi wa simu uliosema zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, basi. Nilipoingia chumbani kwake bibi alifurahi kuniona, akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo.

Sikuwa na kinyongo naye hata kidogo. Alichoniacha nacho ni jambo lingine: kwa miezi mingi baada ya hapo sikuweza kufungua droo ya mgonjwa yeyote bila kumwita mwenzangu aje asimame karibu, na nilijikuta nikiwaongelesha wazee kwa ufupi, nikiwavalisha kama mtu anayefunga mizigo. Baadaye nilisoma kwamba Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuuchunguza uchovu wa watu wa kazi kama zetu tangu miaka ya 1970, aliugawa katika sehemu tatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuanza kuwatendea watu kama vitu, na kujiona kwamba kazi yako haina matokeo. Nilijikuta katika zote tatu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu huo kuwa ni jambo litokanalo na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Limetaja kazi. Halikutaja udhaifu wa tabia ya mfanyakazi.

Hapa ndipo neno "mkaidi" linapomgeukia aliyeliandika. Katika yale madaftari na katika vikao vya wakubwa wa kazi lipo neno jingine linalokwenda nalo sambamba: "hana subira". Mgonjwa anakataa kwa sababu ya ubongo wake, tunaandika ni tabia. Mhudumu anachoka kwa sababu ya watu wanane kabla ya saa tatu, wanaandika ni tabia. Kosa ni lile lile. Na likishaandikwa hivyo, hakuna anayelazimika kubadilisha kitu chochote, kwa kuwa dawa ya tabia mbaya ni karipio, na karipio halina gharama.

Gharama wanailipa wagonjwa. Mhudumu aliyeishiwa huanza kutumia nguvu pale ambapo angerudi baada ya dakika 20. Au anaomba mgonjwa apewe kitu cha kumtuliza, na pengine anapewa. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kutibu matatizo makali ya akili zinaongeza hatari ya kifo zikitumiwa kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo hilo likahusisha na zile za zamani. Sipingi kwamba kuna nyakati daktari anaona hana budi kuzitumia. Ninachopinga ni dawa kuziba pengo la mtu wa pili katika zamu.

Neno hilo pia huficha maumivu. Mzee mmoja aliandikwa "mkaidi" kwa siku mbili mfululizo, anapiga, anakataa kugeuzwa, hataki maji. Siku ya tatu muuguzi mwenzangu aliuliza swali rahisi: je, wiki iliyopita alikuwa hivi? Hakuwa hivyo. Alipopimwa alikutwa na maambukizi katika njia ya mkojo. Mtu asiyeweza kusema "naumwa hapa" huyasema kwa mwili, na mabadiliko ya ghafla katika siku moja au mbili ni jambo la kumwita daktari mara moja. Hapo lazima niwe mwangalifu nisieleweke vibaya: kusema kwamba mgonjwa hajui ugonjwa wake si kusema kwamba kauli yake haina uzito. Anaweza kukosea kabisa kuhusu kumbukumbu zake na akawa sahihi kabisa kwamba maji ni ya baridi, kwamba bega linauma, au kwamba hataki kuogeshwa na mwanamume. Kukataa kwake ni habari. Kazi yetu ni kuisoma, na haisomeki kwa mtu anayekimbizana na saa.

Ninachokiomba kwa wenye makao ya wazee, wakuu wa wodi na jamaa za wagonjwa si kikubwa mno. Kwanza, hali ya kujitambua kwa mgonjwa iandikwe katika faili lake kama inavyoandikwa shinikizo la damu: analijua lipi kuhusu hali yake, halijui lipi, na saa zipi hubadilika. Wapo wanaojua kwamba miguu ni dhaifu lakini hawajui kwamba wanasahau. Wapo walio kinyume chake, na hao ndio huinuka usiku kitandani bila kuita mtu, kwa kuwa kwa ufahamu wao miguu ni mizima, wakaanguka. Mhudumu mpya akilisoma hilo siku ya kwanza ataokoa nyonga ya mtu.

Daftari la zamu nalo liandike kilichotokea na kilichofaa, bila kuhukumu. Ratiba iruhusu kurudi. Mhudumu aliyepigwa au kutukanwa asubuhi awe na haki ya kubadilishana mgonjwa na mwenzake siku hiyo bila kuonekana ameshindwa kazi, na apate mtu wa kuongea naye kabla hajaenda nyumbani, hata kwa dakika kumi tu. Kuhusu wizi, uwepo utaratibu unaojulikana na wote tangu siku mgonjwa anapopokelewa: orodha ya vitu vyake yenye sahihi ya jamaa, mahali anapopenda kuficha paandikwe, na chumba kitafutwe na watu wawili kabla mkoba wa mtu yeyote haujaguswa. Sisemi kwamba wizi haupo. Nasema mtuhumiwa atendewe kama mtu ambaye huenda hakuiba, na ikithibitika hakuiba, aombwe radhi mbele ya wale wale walioshuhudia akipekuliwa.

Kwa jamaa ninaongeza moja. Mnapotutembelea, msimjaribu mzazi wenu kwa maswali ya "unanikumbuka mimi ni nani?" au "umesahau kwamba mama alifariki?" Kila akiambiwa upya kuhusu kifo hicho, kwake ni msiba mpya, kisha nyinyi mnaondoka na sisi tunabaki na matanga ya siku ya kwanza kwa mara ya 40. Mgonjwa akimtafuta mama huyo, mimi husema, "Naona umemkumbuka leo. Alikuwa mtu wa namna gani?" Huwa ananieleza. Wapo wenzangu wanaosumbuka moyoni wakidhani huko ni kumdanganya mgonjwa, na usumbufu huo ni mzigo mwingine tunaoubeba bila kuulizwa. Nimelifikiria sana na msimamo wangu ni kwamba sijamdanganya, kwa sababu kweli alikuwa amemkumbuka.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu wenye dimensia duniani walikuwa milioni 57, na kila mwaka wanaongezeka wapya karibu milioni 10. Wengi watatunzwa na jamaa zao, na mzigo wa hao unastahili barua yake. Lakini kadiri watoto wanavyohama na kufanya kazi mbali, ndivyo wazee wengi zaidi watakavyoangukia mikononi mwa watu wa mshahara kama sisi, na tayari kila mahali nilipofanya kazi tunaondoka kwa wingi kuliko tunavyoajiriwa. Wanaoondoka si wasio na moyo. Nimewasindikiza hadi getini walio bora kuliko mimi.

Mwezi uliopita nilimpokea mhudumu mpya, kijana wa miaka 23. Wiki yake ya pili nilifungua daftari asubuhi nikasoma maandishi yake: "Amekataa kuoga. Anaamini ameshaoga. Nimetoka nikarudi baada ya dakika 20, akakubali kunawa uso na mikono, akabadilisha shati. Amenitukana sana. Nimechoka, naomba kesho mwenzangu aanze naye." Niliisoma sentensi ya mwisho mara mbili, kisha nikachukua kalamu nikalibadilisha jina katika ratiba ya siku iliyofuata.

Wako,
Muuguzi wa wazee
(Jina na anwani vimehifadhiwa)